Magari Makuukuu kutoka Ng'ambo katika Njia za Kilosa na Mikumi



Historia ya usharika kwa kawaida huandikwa kwa majina ya watumishi, tarehe za ubatizo na mwaka wa kuezekwa kanisa. Makala hii inaangalia jambo lisilo na ukurasa wake katika daftari zetu, ingawa bila hilo kurasa nyingi za daftari hizo zingekuwa tupu. Nalo ni gari kuukuu lililovuka bahari, likapanda milima yetu na kufikisha huduma mahali ambapo basi halifiki. Tutaeleza magari hayo yalitoka wapi, yalikuja kwa njia zipi, na kwa nini baadhi yalidumu miaka mingi huku mengine yakifia chini ya mwembe.

Nchi na njia zake

Reli ya Kati, iliyojengwa na Wajerumani, ilifika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Aliyeishi karibu na stesheni aliunganishwa na pwani na bara pia. Aliyeishi Vidunda, Uleling'ombe au Malolo alibaki akitegemea miguu yake. Katika uwanda wa Mkata udongo mweusi hushika gurudumu kama ulimbo wakati wa masika, na mto Mkondoa una tabia yake tunayoijua sote. Mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2009 na Januari 2010 yaliwaacha watu wengi wa Kilosa bila makazi na kuikata reli yenyewe.

Barabara kuu ya kwenda Zambia ilipowekwa lami mwanzoni mwa miaka ya 1970, Mikumi ilipata neema yake. Hata hivyo, njia ya kutoka Mikumi kwenda Kilosa ilibaki ya vumbi na tope kwa miaka mingi. Katika njia hiyo ndipo kilipo kijiji cha Ulaya, na wenyeji hutania kwamba gari lililotoka salama Ulaya ya ng'ambo laweza kukwama likijaribu kufika Ulaya ya kwetu.

Funzo la Kongwa

Mashine kuukuu kutoka ng'ambo hazikuanza kuja kwa mkono wa Kanisa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga huko Kongwa, jirani zetu wa magharibi. Vita vilikuwa vimekwisha muda mfupi tu, na matrekta mapya hayakupatikana kwa wingi. Yakanunuliwa matrekta na matingatinga yaliyokwisha kutumiwa na majeshi, mengine kutoka Ufilipino. Vifaru vya Sherman navyo viligeuzwa kuwa matrekta, vikaitwa Shervick. Mizigo iliyoshushwa Dar es Salaam ilipita katika reli yetu, kupitia Kilosa, hadi Msagali.

Matokeo yake yanajulikana. Mashine zilikuwa za aina nyingi, zimechoka, na vipuri vyake havikupatikana. Ardhi ya Kongwa, ikikauka, ilikuwa ngumu kama saruji. Mwaka 1951 mradi ulikuwa umeachwa, na mamilioni ya pauni yalikuwa yamepotea. Sababu za kushindwa kule zilikuwa nyingi, lakini mojawapo yatuhusu moja kwa moja: mashine isiyo na vipuri wala fundi karibu ni mzigo, hata kama ilipatikana kwa bei rahisi.

Miaka ya Land Rover

Mwaka 1948 kampuni ya Rover ya Uingereza ilionyesha Land Rover kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya Amsterdam. Kwa kuwa chuma kilikuwa adimu baada ya vita, bodi yake iliundwa kwa alumini, ambayo haishiki kutu kama bati. Gari hili lilienea katika idara za serikali, mashamba ya mkonge, hifadhi za wanyama na vituo vya misheni. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilipoanzishwa mwaka 1964, Land Rover ilikuwa tayari gari la porini linalojulikana nchini kote. Iliyopendwa zaidi ilikuwa ile ndefu iliyoitwa 109, kwa kuwa ilibeba watu na magunia pamoja. Huko Mgeta, katika milima ya Uluguru, Land Rover kongwe ziliendelea kushusha mboga sokoni muda mrefu baada ya wenye nazo wa kwanza kuziuza.

Siri ya uzee wake ilikuwa wepesi wa kuitengeneza. Fundi mwenye spana chache aliweza kufungua giaboksi chini ya mti, na springi iliyovunjika ilipata nyingine kutoka gari lililokufa.

Magari ya zawadi

Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilipoundwa mwaka 1963 kwa kuunganisha makanisa saba, uhusiano na marafiki wa Ulaya na Marekani uliendelea, na magari yakawa miongoni mwa zawadi zao. Zawadi hizo zilitolewa kwa upendo, nasi twazishukuru. Lakini zilikuja na mambo yake. Gari la kutoka Ujerumani au Sweden lina usukani wa kushoto, ilhali sisi huendesha upande wa kushoto wa barabara, kwa hiyo dereva anayetaka kulipita lori hulazimika kumtegemea abiria amwangalizie. Zaidi ya hayo, hata zawadi hupita forodhani, na kila siku gari linapokaa bandarini likisubiri hati huongeza gharama.

Katika miaka ya utumishi wangu nimeshuhudia sharika mbili ambazo sitazitaja. Moja ilipewa gari zuri la aina isiyojulikana nchini. Pampu ya mafuta ilipoharibika hapakuwa na nyingine, na kuku wakapata banda. Nyingine ilikuwa na Land Rover iliyozeeka, lakini kila mtaa ulitoa gunia la mahindi wakati wa mavuno kwa ajili ya vipuri. Gari hilo lilibeba wagonjwa, wainjilisti na majeneza kwa miaka mingi.

Mlango wa Japani

Badiliko kubwa lilikuja miaka ya 1980. Baada ya vita vya Kagera fedha za kigeni zilikuwa haba mno. Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na kuanzia mwaka 1986 biashara ilizidi kufunguliwa. Magari yaliyotumika Japani yakaanza kumiminika. Wajapani nao huendesha upande wa kushoto, hivyo usukani haukuwa na tatizo. Kwao ukaguzi wa lazima, unaoitwa shaken, hufanywa kila baada ya miaka michache na una gharama kubwa, kwa hiyo wengi huuza gari lingali na nguvu. Tena sheria za kupunguza moshi wa dizeli, za mwaka 1992 na 2001, ziliyaondoa magari mengi ya dizeli katika miji mikubwa. Lililokataliwa Tokyo likapokelewa Mikumi.

Hapo Toyota Land Cruiser ikachukua nafasi ya Land Rover. Ile yenye bomba la hewa lililoinuliwa kando ya kioo watu waliita mkonga. Ile ya kifahari waliita shangingi. Utengenezaji wa Land Rover ya umbo la zamani ulikoma Januari 2016.

Nchi za jirani zimechukua njia tofauti. Kenya huzuia magari yaliyozidi miaka 8, na Uganda tangu mwaka 2018 huzuia yaliyozidi miaka 15. Tanzania haikufunga mlango, bali iliongeza ushuru kwa magari yenye umri mkubwa. Tangu Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki uanze tarehe 1 Januari 2005, ushuru wa forodha wa gari dogo uliwekwa asilimia 25. Gari lenye thamani ya shilingi milioni 20 likifika bandarini, kwa ushuru huo hufikia milioni 25. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 ikihesabiwa juu ya jumla hiyo tu ni milioni 4.5. Hapo bado ushuru wa injini, wa umri, tozo za bandari na malipo ya wakala. Anayehesabu bei ya mnada wa Japani peke yake hajahesabu.

Hitimisho

Treni ya umeme ya reli ya kisasa, iliyoanza safari zake mwaka 2024, sasa inapita Kilosa ikielekea Dodoma. Lakini mama mjamzito wa Uleling'ombe, uchungu ukimshika usiku wa masika, hasubiri treni. Husubiri gari linaloweza kupanda kilima, nalo liwe na mafuta, matairi na breki.

Kwa hiyo kamati itakayonunua au kupokea gari katika miaka 100 ijayo na ijiulize kwanza: vipuri vyake vinauzwa Morogoro? Fundi wetu analijua? Chesesi ina kutu kiasi gani chini ya rangi mpya? Na akiba ya matengenezo iko wapi? Gari hununuliwa mara moja, lakini hutunzwa kila siku. Waliotutangulia waliotoa gunia moja moja la mahindi walilijua hilo, na kwa mikono yao huduma ilifika milimani. Tuwaenzi kwa kufanya vivyo hivyo.