Meza ya kando

Meza ya kando ni meza ndogo inayokaa ubavuni mwa kiti, kochi au kitanda. Kenya wengi huiita stuli. Kimo chake hufuata mkono wa kochi, mara nyingi sentimita 50 hadi 60: ikizidi hapo, mwenye kuketi huinua kiwiko kila anapofuata kikombe.

Meza kama hii ni sehemu ya samani za nyumbani, na kusini mwa Maniema, mashariki mwa Kongo, samani za kuchongwa si jambo geni. Sidney Hinde, daktari Mwingereza aliyeingia mji wa Kasongo, ulioko huko, mwaka 1893 na jeshi la Dola Huru la Kongo lililoongozwa na Francis Dhanis, alikuta humo vitanda vya nakshi na vyandarua vya hariri, anasa za mji wa wafanyabiashara Waarabu na Waswahili.

Mbao za mvule hustahimili unyevu na mchwa, kwa hiyo huifaa meza ya sebuleni. Henzirani ni nyepesi, ila hutaka kioo au ubao juu yake. Katika chumba chembamba, meza ya duara haigongi magoti. Juu yake hutosha taa, kitabu na kitambaa cha kufuma. Maua ya plastiki, pamoja na umaarufu wake, huishia kukusanya vumbi.