Ziwa Kupumzika: Funzo la Ujiji

Historia ya mwambao wa Ziwa Tanganyika yatufundisha kwamba kunyonya maumbile na kunyonya watu ni ndugu wa tumbo moja. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Ujiji kwenda Bagamoyo ikiwa na pembe za ndovu pamoja na watumwa. Faida ilikwenda pwani na ng'ambo. Hasara ilibaki bara.

Wavuvi walikuwa na utaratibu mwingine. Dagaa hufuata mwanga usiku wa giza. Mbalamwezi ikitanda, moto wa mtumbwini haufui dafu, na nyavu huanikwa. Ziwa lilipumzika kila mwezi. Lakini tusiwafanye wazee wetu malaika: zana zao zilikuwa dhaifu. Leo taa na nyavu zina nguvu, wavuvi ni wengi, na maji yamezidi joto, hivyo rutuba ya kilindini haipandi juu kama zamani. Mwezi peke yake hautoshi. Kupumzisha ziwa ni uamuzi wa siasa.

Mwaka 2003 nchi 4 za ziwa hili zilitia saini mkataba wa kulihifadhi. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Hapa ndipo kada aulize: nani hubeba mzigo? Mwenye vyombo anaweza kuwa na akiba; kibarua alipwaye kwa mgawo wa samaki hana. Mapumziko ya ziwa yakiwa njaa yake, atavua kwa kificho.

Basi ushirika na akiba vitangulie, amri ifuate. Haki kati ya watu ndiyo msingi wa haki kwa maumbile.