Kuotea: Hukumu ya Nukta Moja

Wazee wa pwani walipomsema mtu kwamba anaotea, walikuwa na maana kwamba amejibanza mahali akimvizia mwenziwe, kama mwindaji aketivyo kichakani akingoja paa ashuke mtoni. Na neno hilohilo ndilo walilolitwaa wapenzi wa kandanda kumtaja mchezaji aliyetangulia mbele ya mpira, karibu na lango la hasimu, akingoja kuletewa. Mimi huliona neno hili kuwa shahidi mwema wa historia, kwa sababu hata wanafunzi wa shule ya Eton huko Uingereza, katika karne ya 19, walilitaja kosa hilo kwa neno lao lenye maana ya kunyemelea. Kabla ya kuwa jambo la kupimwa, kuotea kulikuwa jambo la aibu: muungwana hushindana uso kwa uso, wala havizii nyuma ya migongo ya watu.

Chama cha kandanda cha Uingereza kilipoasisiwa London mwaka 1863, aibu hiyo iliandikwa kuwa sheria, na sheria yenyewe ilikuwa kali kupita kiasi. Kila aliyekuwa karibu zaidi na mstari wa goli la hasimu kuliko mpira, wakati mwenziwe alipoupiga, alikuwa nje ya mchezo; hakuwa na idhini ya kuugusa wala ya kumzuia mwingine asiuguse. Kwa hiyo pasi ya kwenda mbele ilikuwa haramu, na mchezo ulikuwa wa mtu mmoja kuukokota mpira hata aporwe, huku wenziwe wakimfuata nyuma kama msafara. Watu wa Sheffield, ambao kanuni zao za mwaka 1858 hazikulijua kosa hilo kabisa, walicheza mchezo mwingine mbali nao. Mwaka 1866 London ililegeza: mshambuliaji akawa halali madhali mbele yake wamebaki watu watatu wa upande wa pili. Hapo ndipo pasi ya kwenda mbele ilipohalalishwa, na kwa itikadi yangu hiyo ndiyo siku kandanda ilipopata roho yake.

Mwaka 1907 kosa likaondolewa kwa aliye katika nusu yake ya uwanja, na mwaka 1920 kwa apokeaye mpira wa kurushwa. Hayo yalikuwa mambo madogo. Jambo kubwa lilitoka Newcastle, kwa beki wa Kiayalandi aitwaye Bill McCracken, aliyeisoma sheria ile kama kadhi asomavyo hati ya mirathi, akaona ndani yake hila ambayo waliomtangulia hawakuitumia kwa ustadi kama wake. Sheria ilitaka watu watatu. Kipa ni mmoja, beki mwenziwe ni wa pili. Basi yeye McCracken akipiga hatua chache kwenda mbele, dakika ileile hasimu anapotaka kutoa pasi, mshambuliaji hubaki na wawili tu mbele yake, na kipenga hulia. Mtu mmoja, kwa hatua mbili tatu, aliweza kuvunja shambulio la watu watano. Hila hiyo ikaenea, mabeki wa timu nyingine wakajifunza, na michezo mingi ikasongamana katika ukanda mwembamba katikati ya uwanja, ikikatizwa kila mara.

Juni 1925 watunga sheria wakabadili watatu kuwa wawili. Katika msimu wa 1924–25 ligi ya Uingereza ilipata magoli 4,700. Msimu uliofuata, kwa idadi ileile ya michezo, yakawa 6,373. Oktoba 1925 Arsenal walifungwa 7–0 na Newcastle, na kocha wao, Herbert Chapman, akamrudisha nyuma mchezaji wa kati asimame baina ya mabeki wawili, mahali ambapo beki wa kati anasimama hata leo.

Sasa natazama hukumu yenyewe ilivyo. Sheria haiulizi mshambuliaji alikuwa wapi alipoupokea mpira. Yauliza alikuwa wapi nukta ile mpira ulipoguswa na mwenziwe, naye pengine yuko mita 40 nyuma. Mshika kibendera hujipanga sambamba na mtu wa pili wa upande unaolinda kutoka mstari wa goli, kipa akihesabiwa, akiutazama usawa wake kwa jicho, na sauti ya teke akiisikiliza kwa sikio. Mshambuliaji akienda mbio za mita 7 kwa sekunde, na beki akipanda kwa mita 3, basi kuchelewa kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde kunawatenga kwa mita nzima. Tena mshika kibendera akiwa amesimama hatua moja mbele au nyuma ya mstari wake, pembe ya macho humwonyesha mtu halali kuwa ameotea, na aliyeotea kuwa halali. Watazamaji humtukana kwa upendeleo. Nami nasema kwa yakini kwamba aghalabu kosa lake ni la pembe, si la moyo. Mwaka 1990 alipunguziwa mzigo, maana mshambuliaji aliye sawa na beki akahesabiwa kuwa halali.

Katika Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2022 jicho lilipewa wasaidizi: kamera 12 chini ya paa zikifuata viungo vya kila mchezaji mara 50 kwa sekunde, na ndani ya mpira kifaa kilichotuma habari zake mara 500 kwa sekunde, ili nukta ya teke ijulikane. Tarehe 22 Novemba, huko Lusail, Argentina waliutia mpira wavuni mara nne katika nusu ya kwanza dhidi ya Saudia, na magoli matatu yakabatilishwa kwa kuotea. Mabeki wa Saudia hawakurudi nyuma kumlinda kipa wao. Walisimama mbali na lango, bega kwa bega, na kila pasi ilipokaribia kutolewa walipiga hatua ileile ya McCracken kwenda mbele. Saudia wakashinda 2–1.