Kila Kisima Kilikuwa na Mwenyewe

Wageni wanaoandika juu ya maji ya Turkana huanza na kiu. Mimi nimekuwa fundi wa pampu za mkono hapa Lokichar tangu ujana wangu mpaka mgongo ulipokataa, na kwangu hadithi hiyo huwa imeanzia katikati. Kabla ya pampu maji yalikuwepo. Yalikuwa chini ya mchanga wa laga, na kila shimo lililoyafikia lilikuwa na mwenyewe.

Vijana waliozaliwa kando ya lami wanaijua laga kama mahali pa kupakia mchanga wa kujengea, kwa hiyo nieleze. Mvua ikinyesha milimani, maji hushuka kwa kishindo, hupita kwa muda mfupi, na mto hubaki mchanga mtupu. Chini ya mchanga huo maji hayajaondoka. Watu wa awi moja, yaani boma moja la familia, huchagua mahali pao, mara nyingi karibu na ekwar yao, ule ukanda wa miti ya kando ya laga ambao familia fulani ndiyo yenye haki ya kulishia mbuzi maganda ya mbegu ya miti ya ewoi. Hapo huchimba. Mwanzoni mwa kiangazi hata mtoto hukwangua mchanga kwa kibuyu akapata maji ya kunywa. Kiangazi kikikolea, shimo huyafuata maji chini, mpaka inabidi watu watatu au wanne wasimame mmoja juu ya mwingine kwenye vidato vilivyochongwa ukutani, wakipokezana chombo kutoka kwa aliye chini kabisa hadi kwa anayemimina kwenye hori la mbao. Kazi hiyo hufanywa kwa wimbo, na mbuzi huijua sauti ya mwenyewe. Jioni shimo huzungushiwa miiba ili fisi na punda wasilichafue.

Sheria zake zilikuwa chache na kila mtu alizijua. Mpita njia hakunyimwa maji ya kunywa. Lakini anayekuja na mifugo huomba kwanza, hungoja mbuzi wa mwenye kisima wanywe, na akitaka kurudi kesho hushuka shimoni asaidie kuzoa mchanga ulioporomoka. Mwenye kisima hakumiliki maji, maana hayo ni ya Akuj, Mungu wetu. Alimiliki jasho lililoyafikia. Kuta zikibomoka usiku, yeye ndiye aliyeamka kabla ya jua kwenda kuchimba upya. Neno hilo la kuamka likumbukwe, kwa sababu miaka yote niliyoshika spana sikuona ugonjwa wa pampu uliokuwa mkubwa kuliko huo wa kukosa mtu wa kuamka.

Mambo yalianza kubadilika polepole, halafu kwa ghafla. Wakoloni waliifanya Turkana wilaya iliyofungwa, asiye na kibali haingii, na waliiona mahali pa kumtupa mtu: Kenyatta walimweka Lokitaung, kisha Lodwar. Njaa ya 1960 na 1961 ndiyo iliyowafungulia mlango wamisionari wa Kikatoliki, na kufikia 1978 Lodwar ilikuwa dayosisi kamili, ambayo baadaye ikawa miongoni mwa wachimbaji wakubwa wa visima vya mashine huku Turkana. Kisha ikaja Lopiar, kati ya 1979 na 1981. Ukame, magonjwa ya mifugo na wavamizi wenye bunduki vilikutana kwa wakati mmoja. Waliobaki bila mbuzi waliingia kwenye kambi za chakula, na mtu akishaingia kambini hahami tena kufuata maji. Ni maji yanayopaswa kumfuata yeye.

Hapo ndipo pampu ya mkono ilipopata kazi. Barabara ya lami kutoka Kitale hadi Lodwar, iliyojengwa kwa fedha za Norway katika miaka ya 1980, ilipita hapa Lokichar, na watu wakakaa kando yake: wenye maduka, walimu, wajane wa Lopiar, wauza makaa. (Mwaka 1990 Kenya ilivunja uhusiano wa kibalozi na Norway, na miradi yake huku ikafa. Lami ilibaki, tukaila kidogo kidogo mpaka ikawa mashimo.) Idadi hiyo ya watu haiwezi kuishi kwa mashimo ya laga mwaka mzima. Shimo la mkono hulishwa na mafuriko ya mwaka uliopita; kisima cha mashine hufika kwenye maji ya miaka mingi zaidi.

Umoja wa Mataifa ulikuwa umeitangaza miaka ya 1981 hadi 1990 kuwa muongo wa maji ya kunywa, na dunia nzima ilikuwa ikitafuta pampu ambayo mwanakijiji angeweza kuitengeneza mwenyewe. India walikuwa na yao, India Mark II, iliyotengenezwa katika miaka ya 1970 kwa msaada wa UNICEF. Ni chuma kizito cha kweli. Ila mabomba yake ni ya chuma kilichopakwa zinki, na kubadilisha raba chini kunataka kamati nzima ya wanaume, tripodi na mnyororo. Penye maji makali bomba huliwa na kutu. Wanawake hujua kabla ya fundi: maji hutoka mekundu asubuhi, na chai huwa nyeusi kama wino.

Pampu niliyoipenda ni Afridev, na naona fahari kwamba ni mwana wa Afrika. Mimba yake ilitungwa Malawi mwanzoni mwa miaka ya 1980, ikalelewa Kwale, huko pwani yetu, katika mradi wa pampu ulioanza 1983. Hakuna anayedai hakimiliki yake. Kiwanda chochote kinaweza kuiunda kwa vipimo vile vile. Kule Kwale ndiko walikofundisha pia jambo ambalo huku tulichelewa kulikubali, kwamba fedha za kisima zishikwe na mwanamke.

Nataka msomaji aione kazi yenyewe. Afridev haihitaji lori wala tripodi. Spana moja hufungua kila kitu. Unaondoa kifuniko cha kichwa, unalegeza nati za mkono, unautoa, kisha unaanza kuvuta fito za chuma. Kila ufito ni karibu mita 3 na umeshikana na mwenzake kwa ndoano, hakuna uzi wa kukaza. Unavuta, mwenzako anashikilia wa chini usitumbukie, unafungua ndoano, unalaza ufito kwenye turubai safi, usiguse mchanga. Mwisho wa fito inakuja pistoni, na kiunoni mwake kuna raba nyeusi yenye umbo la kikombe. Hiyo ndiyo iliyokuwa inawatesa watu wote. Raba mpya ina mdomo mkali. Iliyokwisha ina mdomo laini, ukiipitishia ukucha haukwami. Halafu unashusha ndoano ya kuvulia ili kutoa valvu ya chini, na hapo unangoja ule mguso mdogo mkononi unaokwambia imeshika. Bomba la plastiki lenyewe halitoki ardhini. Mtu na msaidizi mmoja humaliza kabla jua halijawa kali, huku foleni ya mitungi ikiwa imekaa pale pale na wenyewe wako kivulini.

Foleni hiyo ina katiba. Mtungi wa njano ukishawekwa, ndio mwenyewe. Mtu anaweza kwenda kufua, kumnyonyesha mtoto, hata kwenda sokoni, na hakuna atakayemruka. Nyumba yenye msiba haipangi foleni. Aliyetumwa kutoka zahanati hapangi foleni. Kwenye kina cha mita 30 mtungi wa lita 20 huchukua karibu dakika mbili za kupiga mkono, na wasichana hupiga wawili wawili wakiongea bila kukosa hata pumzi moja. Habari zote za Lokichar zilipita hapo kabla ya kufika kwa chifu.

Wahandisi walipanga pampu moja kwa watu wapatao 300. Mbuzi hawakuwahesabu. Maji yaliyomwagika kwenye saruji yaliongozwa na mfereji hadi kwenye hori dogo, na ikaandikwa kwenye ripoti kwamba ni ya mifugo. Mwenye mbuzi mia mbili hawezi kungoja matone. Alikuja na wanawe usiku wakapiga pampu mpaka alfajiri, na asubuhi kisima kilikuwa kimeshuka na raba imelika. Nani alikuwa wa kumkataza? Kwenye laga angemkuta mwenye kisima. Hapa alikuta bango lenye jina la mfadhili.

Ndiyo maana nasema pampu ilituletea swali ambalo baba zetu walikuwa wamelimaliza. Jibu tulilopewa ni kamati. Mwenyekiti, katibu, mweka hazina, daftari, na kila nyumba mchango wa kila mwezi. Kwa mwalimu na mwenye duka hilo lilikuwa sawa. Kwa mfugaji halikuwa na akili. Yeye huja Lokichar mvua ikikatika, anakaa miezi miwili, kisha adakar yao, lile kundi la maboma yanayohama pamoja, inahama kufuata majani upande wa mto Kerio au kwingineko. Kwa nini alipie mwaka mzima maji anayoyanywa kwa miezi miwili? Nilisikia wageni wenye kalamu wakiwaita watu hao wakaidi. Mimi nilipoanza kuwaambia watoe mbuzi mmoja tu kwa msimu, siku wanayofika, mbuzi huyo akauzwa na fedha zikawekwa kwa ajili ya raba na fito, walitoa. Walikuwa wanakijua kitu hicho tangu zamani: unaomba, unasaidia, unanywesha.

Shirika moja, ambalo nitaliacha bila jina, lilituletea pampu za aina nyingine kabisa, nzuri kwa macho, bila hata kipuri kimoja kilichoweza kupatikana Lodwar wala Kitale. Zilipokufa tulizifanya nguzo za kufungia punda.

Mwezi Machi 2012 yakapatikana mafuta Ngamia-1, si mbali na hapa, na Rais Kibaki akayatangaza mwenyewe. Lokichar ikapata hoteli, pikipiki, mabati na makelele. Kampuni ya mafuta ilichimba visima vya maji na kusambaza matangi ya plastiki vijijini karibu na kazi yake, na kizazi kizima kikajifunza kusikiliza ngurumo ya lori la maji. Mwaka 2013 likaja tangazo kubwa zaidi: bahari ya maji chini ya Lotikipi, kaskazini ya Kakuma, mita za ujazo zipatazo bilioni 200 kwa makadirio ya wakati huo. Nilikuwa Lodwar siku zile, watu walikumbatiana. Miaka miwili baadaye vipimo vilionyesha maji hayo yana chumvi nyingi mno kwa kinywa. Sikushangaa sana. Nchi hii imeshawahi kuwa na maji ya kumtosha nyangumi. Kweli: huko Loperot, upande huu wetu, mwaka 1964 walichimbua mifupa ya nyangumi aliyepanda mto kutoka baharini miaka kama milioni 17 iliyopita, wakati ardhi hii ilikuwa bado chini. Utajiri wa zamani haujazi mtungi.

Siku hizi ni sola. Paneli, pampu ya umeme chini, tangi juu ya nguzo, kioski, na kijana mwenye ufunguo anayeuza kwa mtungi. Sikatai. Binti anayesoma hapaswi kumaliza asubuhi yake akipiga mkono wa chuma, na katika ule ukame wa misimu mitano mfululizo ulioanza mwishoni mwa 2020, sola iliwanywesha wengi ambao pampu zisingewaweza. Lakini kifaa kile kidogo chenye taa nyekundu kikikataa, fundi wake yuko Eldoret au Nairobi, na kijana wa kioski anachoweza ni kufunga dirisha. Tena hana ruhusa ya kumpa maji asiye na shilingi. Kwenye laga hiyo ingekuwa aibu ya ukoo.

Walipokuja kuweka sola kwenye kisima chetu kimoja, mafundi walitaka kuing'oa Afridev na kutumia shimo lile lile. Ndiyo desturi yao, kwani shimo limeshachimbwa na linaokoa gharama. Wazee walinyamaza. Mama mmoja anayeweka hazina ya kisima akasimama.

"Mzee," akaniambia mbele yao, "hii mpya ikifa usiku, utaweza kuifungua?"

"Hapana, mama."

"Basi wachimbe yao kule."

Walizozana mpaka jua likapinduka, na mwishowe wakachimba kule. Pampu yake ina mnyororo sasa, na ufunguo uko kwake shingoni, pamoja na shanga. Mwenye mbuzi humwendea nyumbani. Mwenye kiu humkuta mtoto wake pale, naye hufungua bila kuuliza chochote. Raba za akiba ziko ndani ya kopo la maziwa chini ya kitanda chake. Huzinunua mwenyewe akienda Kitale, maana zile za karibu, anasema, hazina mdomo.

Msimu uliopita mgongo wangu uliniweka chini, na binti yake akaifungua pampu peke yake na mdogo wake. Walibadilisha raba vizuri kabisa. Ila waliudondosha ufito mmoja kisimani, na ilibidi nibebwe kwa pikipiki nikakae kwenye ekicholong, kigoda changu, kando ya shimo, nikimwelekeza binti huyo namna ya kuuvua. Alipoushika, aliuvuta haraka mno kwa furaha, ukamponyoka tena. Mara ya pili ndipo ulipotoka.