Darasa la Gusii halijawahi kuwa la kabila moja

Tarehe 6 Februari 2013, Rais Mwai Kibaki alikikabidhi Chuo Kikuu cha Kisii hati ya kujitegemea. Nchini Kenya, chuo cha umma kikishapata hati, mabishano ya wenyeji na wageni huwa hayako mbali. Inapotangazwa nafasi ya makamu wa chansela, au hata ya mlinzi wa lango, zipo sauti zinazodai kwamba chuo kiko kwetu, basi kazi ni za watoto wetu. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja, ila madai hayo hayajanyamaza. Kwa Kisii na Nyamira yana kasoro moja kubwa: yanasahau nani alileta kitabu na chaki katika milima hii.

Hata historia ya Abagusii wenyewe imeandikwa kwa mkono wa jirani. Profesa William Ochieng', Mjaluo wa Yimbo, ndiye aliyekusanya masimulizi ya wazee wa Gusii na kuyatoa kama kitabu mwaka 1974. Ukikisoma, unaona watu waliotokea upande wa Mlima Elgon, wakakaa uwanda wa Kano, wakasukumwa na vita na njaa hadi milimani, na njiani wakipokea familia zenye asili ya majirani. Koo za Getutu, Nyaribari, Machoge, Bobasi, Mugirango: hakuna hata moja iliyokuwa kisiwa.

Waingereza walifungua kituo chao Getembe, ambako leo ni mji wa Kisii, mwaka 1907, na mwaka uliofuata Otenyo akamchoma mkuki afisa wao, Northcote. Habari hiyo kila mtoto wa Gusii hulelewa nayo. Isiyosimuliwa sana ni kwamba mji uliokua hapo ulikuwa wa askari Wanubi, wafanyabiashara wa Kihindi na makarani kutoka kwingine. Mtaa wa Nubia ungalipo hadi leo.

Shule zilikuja na misheni. Wakatoliki wa Mill Hill walifungua Nyabururu mwaka 1911, Waadventista wakafungua Nyanchwa mwaka uliofuata. Hapo Nyanchwa ndipo ulipozuka ugomvi unaostahili kukumbukwa kuliko mengi yanayosomwa darasani.

Waadventista walikuwa wameanzia Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906. Waliofika kwanza walikuwa Mkanada Arthur Carscallen na Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Walijifunza Kijaluo, wakakiandika, na mtambo wa kuchapa ukawekwa pale pale Gendia. Basi misheni ilipopanda milimani, ilipanda na ilichokuwa nacho: vitabu vya Kijaluo na walimu Wajaluo. Mtoto wa Kigusii aliyeacha mbuzi wa baba yake akaenda kusoma alikuta ubaoni lugha ambayo nyumbani kwao ilisikika sokoni tu, tena isiyo na udugu wowote na Ekegusii. Alifundishwa kusoma kwa Kijaluo na kusali kwa Kijaluo.

Kwa misheni hiyo ilikuwa njia nyepesi. Fedha zilikuwa chache, wafasiri hawakuwapo, na serikali yenyewe iliwaweka Wajaluo, Abagusii na Wakuria katika wilaya moja ya South Kavirondo. Kwa wazazi wa Gusii, watu waliokuwa wamepigana na majirani hao kwa ajili ya ng'ombe na malisho, ilikuwa ni kumpeleka mtoto shule arudi akiwa wa nyumba nyingine. Walilalamika mwaka baada ya mwaka, nao walikuwa na haki. Agano Jipya la Ekegusii lilitoka 1948, zaidi ya miaka 30 tangu Nyanchwa ifunguliwe. Biblia nzima iliwafikia 1988.

Lakini haki hiyo isitufanye tuwafute wale walimu. Waliacha ufuko wa ziwa, wakapanda kwenye baridi, kwa watu waliowatazama kwa shaka, wakafundisha. Septemba 1914 Wajerumani walipouteka mji kwa muda mfupi, misheni zote mbili ziliporwa na wenyeji, na kazi ikabidi ianzwe upya. Wasomi wa kwanza wa Gusii walipita mikononi mwa walimu hao. Ni aibu kwamba mtoto wa Kisii leo anaweza kumaliza kidato cha nne bila kuwasikia wakitajwa.

Baraza la Wenyeji, chombo cha serikali ya kikoloni, ndilo lililodai shule isiyo ya dini yoyote, na kodi za watu zikachangwa ingawa wamisionari hawakuipenda. Shule ya serikali ya Kisii ilifunguliwa katikati ya miaka ya 1930. Kwa kuwa mji ulikuwa makao makuu ya wilaya yote, Mjaluo, Mkuria na Mgusii walilala bweni moja. Hapakukosekana uchungu: kwa Mgusii na Mkuria tohara ndiyo iliyomtenga mwanamume na mtoto, ilhali kwa Mjaluo haikuwa desturi, na wavulana wanajua kuumizana kwa jambo kama hilo.

Wilaya iligawanywa mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini Jimbo Katoliki la Kisii, lililoundwa 1960, liliendelea kuwakusanya Abagusii, Wajaluo na Wakuria. Askofu wake wa kwanza, Maurice Otunga, baadaye kadinali, alikuwa Mbukusu, mwana wa chifu wa Bungoma. Sekondari ya wavulana ya Mosocho, iliyoanzishwa na mabruda Waholanzi wa Tilburg, inabeba jina lake. Mtajie mtu wa Mosocho Kadinali Otunga, atakuambia ni shule yetu, na ni kweli.

Mlango ulianza kufungwa 1985. Mfumo wa 8-4-4 ulikuja na sera ya kutenga asilimia 85 ya nafasi za sekondari kwa wenyeji, na mabweni yakawa ya lugha moja. Naamini sera hiyo ilituumiza. Mapema 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, Chepilat, pale Borabu ya Nyamira inapopakana na Sotik, maduka yalichomwa na vijana wa Kigusii na Kikipsigis wakapigana kwa mishale, vijana waliokulia ng'ambo mbili za barabara moja.

Chuo Kikuu cha Kisii chenyewe kilianza kama chuo cha ualimu 1965, kikageuka kampasi ya Chuo Kikuu cha Egerton 1994, kikawa chuo kishiriki 2007, kisha kikapata hati. Leo watoto wa kaunti nyingine wanapanga vyumba mitaa ya Mwembe na Nyamage na kununua mboga soko la Daraja Mbili.

Mgusii aliyeanza darasa la kwanza kabla Agano Jipya la 1948 halijatoka amevuka miaka 80. Wapo bado waliofundishwa na Wajaluo wa Nyanchwa, na wapo waliolala bweni moja na Wakuria. Idara ya historia ya chuo hiki iwatume wanafunzi wake, Mjaluo pamoja na Mgusii, wakawarekodi wazee hao mwaka huu, na waanzie Nyanchwa.