Tope Lina Wenyewe

Kwetu Upareni kuzoa tope ni kazi yenye heshima. Ukibisha, kaulize historia ya ndiva.

Ndiva ni bwawa dogo la mawe na udongo. Maji ya kijito hujikusanya humo usiku. Asubuhi mlango unafunguliwa, yanateremka kwa mfereji hadi mashambani. Wazee wetu walizijenga kabla Mjerumani hajaikanyaga milima hii. Lakini maji ya mlimani huja na udongo, na ndiva isiyozolewa tope hugeuka uwanja. Ndiyo maana uko msaragambo, yaani kazi ya wote. Mnatoka na majembe, tope linapandishwa ukingoni, anayekwepa anatozwa. Mawe nayo hayakutupwa ovyo: yaliyong'olewa shambani yalipangwa kuwa kuta za kushika udongo. Kuta hizo ni kifusi kilichopewa kazi.

Novemba 2009 mlima ulituletea tope la namna nyingine. Mvua ilinyesha, si mchezo, na ardhi ikaporomoka huko Goha, Mamba Myamba. Watu zaidi ya 20 walikufa. Nilikuwa darasa la tano. Nakumbuka wanaume wakipita na machepe na sururu, hakuna anayeongea.

Siku zilipopita, kijana mmoja wa jirani alikuja na wazo. Mawe yale yamejaa, kwa nini tusiyabebe tukajengee? Bibi yangu akamtazama, akasema: "Mwanangu, tope lile lina wenyewe. Waulize kwanza." Kijana akanyamaza. Mimi niliona Bibi anaogopa mizimu tu. Leo naona alikuwa anapanga kazi: kwanza watu, kisha vitu vya watu, ndipo mawe.

Mlima kuporomoka haukuanzia kwetu. Februari 1970 mvua ya masaa machache iliteremsha maporomoko zaidi ya 1,000 kule Mgeta, milima ya Uluguru. Watafiti walipoyahesabu waliona karibu yote yametokea kwenye mashamba na majani. Penye miti hayakufika hata asilimia moja. Tena Desemba 3, 2023, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Tope likashuka na mawe na magogo hadi Katesh, likaingia madukani na vyumbani. Watu 89 walipoteza maisha. Wanajeshi waliletwa na mitambo kufukua na kusafisha.

Mitambo ni lazima pale tope linapozidi nguvu za mikono. Ila mtambo una haraka. Unasukuma vyote pamoja: bati, gogo, kitanda, godoro, chupa ya dawa ya kahawa, betri, pengine na mtu. Na ukikisukumia kifusi korongoni umeahirisha maafa tu, maana kinaziba kijito, maji yanajaa nyuma yake, mvua ijayo linapasuka. Sumu nayo inawafuata wanywaji wa chini.

Hebu tulitenganishe basi, kama mama anavyopepeta mchele. Waliofukiwa watafutwe kwanza, na ndugu zao wawepo. Bati, milango na mbao wapewe wenyewe waanzie maisha. Dawa na betri zikae mbali na maji. Magogo yapasuliwe, mawe yajenge kuta za matuta, udongo mzuri urudi shambani. Mahali pa kumwaga kinachobaki pachaguliwe mapema, kiangazi, wakati watu wana akili zilizotulia. Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, na ni vizuri. Lakini sheria haishiki chepe. Msaragambo unashika.

Najua vijana wenzangu wengi tumehamia Same mjini, Moshi na Dar. Msaragambo tunautumia kwa simu: tunatuma hela ya faini, tumemaliza. Nami ni mmoja wao. Hela inanunua karai, sawa. Lakini siku mlima ukishuka tena, nani atajua nyumba ya nani ilikuwa wapi? Nani atasema, "Chimbeni hapa, hapa alilala mtoto"?

Bibi hayupo sasa. Nikienda likizo napita njia ya juu, majani yameota pale. Sijaokota jiwe hata moja. Sijamuuliza mtu.