Bomba la Jikoni na Maji ya Singida

Kitu kikizoeleka nyumbani hupoteza historia yake machoni pa mwenye nyumba. Bomba la jikoni halitazamwi mpaka liharibike, na siku ya kulibadilisha ndiyo siku ya kujua lilivyoundwa na lilikotoka.

Jina lenyewe lina mafunzo. Neno bomba tulilipata kwa Wareno, na kwao maana yake ni pampu. Watu wa Unguja na Mombasa husema mfereji, yaani njia ya maji. Kila jina lina haki yake. Sultani Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hata 1888, aliyaleta maji mjini kutoka chemchemi iliyo nje ya mji. Singida ni nchi kame. Maziwa yake, Singidani na Kindai, ni ya chumvi, na mji hunywa maji ya visima virefu yavutwayo kwa pampu. Hapo neno bomba lasema kweli kuliko mfereji.

Koki ya parafujo na kipande laini cha kuziba tundu ilipata hataza Uingereza mwaka 1845. Nayo ingali jikoni mwetu: mkono huzungushwa, parafujo hushuka, mpira hulikandamiza tundu. Mpira ukilika, hubadilishwa peke yake kwa gharama ndogo. Mwaka 1947 Mmarekani Alfred Moen alianza kuuza bomba la mkono mmoja lichanganyalo maji ya moto na ya baridi. Mengi ya leo hufungwa kwa visahani viwili vya kauri, kwa robo ya mzunguko tu. Ni wepesi wa kupendeza, lakini mchanga huvikwaruza visahani hivyo. Na nyumba yenye bomba moja la maji baridi haina haja ya kununua kichanganyio.

Anayebadilisha na afunge kwanza koki kuu, aliache bomba la zamani wazi hata maji yaliyobaki yaishe, ndipo alegeze nati kwa spana. Nyuzi zisafishwe, zizungushiwe utepe mweupe kwa kufuata upande wa kukazia, na bomba jipya likazwe bila kupita kiasi. Kabla ya hayo, maji yaachwe kidogo yapite katika ndoo, yatoe taka za ndani.

Pengine msomaji atauliza: tone moja lina thamani gani? Matone 20 hufanya karibu mililita 1. Bomba lidondokalo tone moja kila sekunde hupoteza zaidi ya lita 4 kwa siku. Ndoo ya lita 20 hujaa kabla ya siku 5 kwisha. Ndoo hiyo ndiyo aibebayo kichwani mwanamke wa kijiji kisicho na bomba. Mwaka 1971 serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa kumpatia kila mwanakijiji maji safi ndani ya mita 400 na kwake. Mwaka 1991 ulifika, na ahadi haikutimia.

Wala bomba jipya halisafishi maji. Visima vingi vya Singida vina floraidi nyingi, ambayo huyatia meno madoa, na ikizidi hudhuru mifupa. Ung'avu wa koki usitupumbaze: kazi yake ni kufungua na kufunga. Yapasa kuuliza pia maji yanatoka wapi, yana nini ndani yake, na ni nani asiyeyapata.